Airisi ya kishungi, airisi ya machipuko au nyasi ya jicho la buluu: ipi itakaa kwenye kipande chako?

Mwanzoni mwa Mei, vitalu vya mimea ya asili kusini-mashariki mwa Marekani huweka mezani vyungu vitatu ambavyo ukivitazama kwa mbali utasema ni ndugu wa tumbo moja: vyote vifupi, vyote vina maua ya buluu inayoelekea zambarau, vyote ni vya jamii ya airisi. Kibao cha bei hutaja jina na neno moja, "jua" au "kivuli", basi. Mnunuzi huchukua kile ambacho ua lake limechangamka siku hiyo. Miaka miwili baadaye chungu kimoja kimeenea na kuanza kuwa zulia, cha pili kimebaki na majani manne ya manjano, na cha tatu kiling'olewa zamani na mtu wa nyumbani aliyedhani anapalilia nyasi.

Kosa halikuwa la miche. Mimea hii mitatu huishi porini mahali patatu tofauti kabisa, na ukiipeleka bustanini inadai yale yale iliyoyazoea. Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na maua. Unaanza na udongo wako, maji yanavyopita ndani yake, na saa za jua unazopata.

Majina kwanza

Hakuna majina ya Kiswahili yaliyozoeleka kwa mimea hii, kwa hiyo hapa tunaiita kwa alama zake. *Iris cristata* ni airisi ya kishungi, kwa sababu kila moja ya petali tatu zinazoning'inia ina mikunjo ya manjano iliyosimama kama kishungi kichwani mwa ndege. *Iris verna*, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753, ni airisi ya machipuko. *Sisyrinchium angustifolium* ni nyasi ya jicho la buluu, ingawa si nyasi, na jicho lenyewe ni la manjano. Aliyelibuni jina hilo kwa Kiingereza alichanganya mambo, nasi tumelirithi hivyo hivyo. Dukani taja jina la Kilatini. Ukitaja la Kiingereza unaweza kupewa mmea wa California au wa China na muuzaji asione kosa lake.

Kwa aliyekulia Afrika Mashariki, jamii hii si ngeni. Gladiola za mashada ya arusi ni za jamii hiyo, na *Gladiolus dalenii*, yenye maua ya rangi ya machungwa, huota yenyewe kwenye mbuga na vilima vya huko. Alama ya jamii ni ileile: majani bapa kama upanga, yamekumbatiana chini, yamepangika mstari mmoja kama upepeo wa mkononi. Ukiishika alama hiyo, hutang'oa tena nyasi ya jicho la buluu ukidhani ni magugu.

Vipimo kwa ufupi

| | *Iris cristata* | *Iris verna* | *Sisyrinchium angustifolium* |
|---|---|---|---|
| Kimo wakati wa maua | sm 10–15 | sm 10–15 | sm 30–45 |
| Upana wa jani | sm 1–2.5 | mm 3–13 | mm 2–5 |
| Upana wa ua | sm 5–6 | karibu sm 5 | sm 1–2 |
| Maua | Aprili–Mei | mwisho wa Machi–Mei | Mei–Juni |
| Mwanga | kivuli chepesi, jua la asubuhi | jua la nusu siku hadi siku nzima | jua. Huvumilia kivuli chepesi |
| pH ya udongo | 5.5–7 | 4.5–5.5 | 5.5–7 |
| Ukanda wa baridi | 3–9 | 6–9 | 4–9 |

pH ni kipimo cha uchachu wa udongo: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo udongo unavyozidi kuwa wa chachu. Ukanda wa baridi ni ule wa ramani ya wizara ya kilimo ya Marekani. Ukanda wa 6 ni mahali ambapo baridi kali ya mwaka, kwa wastani, hufika kati ya nyuzi 18 na 23 za Selsiasi chini ya sifuri. Ukanda wa 4 hufika kati ya 29 na 34 chini ya sifuri. Kwa hiyo aliyeko Minnesota aachane na airisi ya machipuko tangu hapa, asipoteze pesa. Aliyeko Louisville, Nashville au Charlotte ana uhuru wa kuchagua yoyote kati ya mitatu, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kuzipambanua zikiwa kwenye chungu

Airisi mbili za kweli ndizo zinazochanganywa zaidi. Angalia petali ya chini. Ya kishungi ina doa jeupe lililozungushiwa mstari wa zambarau iliyokolea, na juu ya doa hilo kuna mikunjo iliyosimama, ya manjano au ya machungwa, ambayo ukipitisha kidole unaihisi. Ya machipuko haina mkunjo wowote. Ina mchirizi wa machungwa uliolala laini kama umepakwa kwa brashi. Ya machipuko pia ina harufu tamu ambayo mtu akiinama anaisikia.

Maua yakiwa yameisha, angalia majani. Ya kishungi ni mapana, ya kijani kibichi, laini, yanapinda ncha kama yamechoka. Ya machipuko ni membamba, magumu, yamesimama, na yana rangi ya kijivu-buluu kama yamepakwa unga. Kitu kingine kinachowashangaza wengi: kile kinachoonekana kama kikonyo kirefu cha ua la airisi ya kishungi si kikonyo. Ni mrija wa ua lenyewe, wenye urefu wa sm 4 hadi 6, na sehemu itakayokuwa tunda imejificha chini kabisa katikati ya majani. Kwa hiyo ukitafuta mbegu mwezi wa Juni, usitafute juu; fukua majani kwa vidole karibu na ardhi.

Nyasi ya jicho la buluu haina utata ikiwa na maua: petali sita ndogo, kila moja na kincha chembamba mwishoni, na kitovu cha manjano. Utata wake ni mwingine. Maua yake hufunguka jua likipanda, hujifunga alasiri, na siku ya mawingu huenda yasifunguke kabisa. Ukienda kitaluni saa kumi jioni utaona chungu cha majani tu na utakipita.

Udongo ndio hakimu

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo cha maji. Chimba shimo la sm 30 kwenda chini na sm 30 upana, lijaze maji, yaache yanywewe yote, lijaze tena, kisha pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sm 2.5 kwa saa, hapo airisi ya machipuko haitapona majira ya baridi, na ya kishungi itapona kwa bahati. Yakishuka kati ya sm 2.5 na 8, ya kishungi na nyasi ya jicho la buluu zitakaa vizuri. Yakishuka kwa kasi zaidi ya hapo, una mahali pa airisi ya machipuko, mradi pH iwe chini.

pH usiikisie kwa rangi ya udongo. Udongo mwekundu wa Piedmont, ukanda wa vilima ulio chini ya milima ya Appalachia, ule unaoshika kwenye viatu kama wa Limuru, mara nyingi ni wa chachu, lakini uwanja wa nyumba mpya huwa umemwagiwa chokaa na wajenzi au na mwenye nyumba aliyekuwa akitunza nyasi. Ofisi ya ugani ya kaunti hupokea sampuli na kurudisha majibu. Chukua udongo wa sm 10 za juu kutoka sehemu tano au sita za kipande hicho, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha upeleke mkono mmoja wa mchanganyiko huo. Ndoo ya mabati isitumike, kwani zinki yake huvuruga majibu.

Airisi ya kishungi ndiyo inayosamehe zaidi katika suala hili. Porini, kwenye milima ya Appalachia na Ozark, huota kando ya vijito na kwenye miteremko ya misitu, juu ya udongo wa chachu kidogo na hata penye mawe ya chokaa. Inachotaka ni mboji ya majani juu na maji yasiyosimama. Airisi ya machipuko haisamehi. Kwao ni misitu mikavu ya misonobari na mialoni, kwenye mchanga au kokoto zilizokosa rutuba, mahali ambapo moto mdogo hupita mara kwa mara na kuondoa vichaka vinavyoleta kivuli. Ukiipa mboji nono kama unayoipa mchicha, itajibu kwa kuoza.

Kupanda airisi ya kishungi

Ukichomoa mche kwenye chungu utaona shina la chini ya ardhi kama tangawizi nyembamba sana: kipande kilichonenepa, kisha uzi mwembamba, kisha kipande kingine kilichonenepa. Mizizi hutoka upande wa chini. Shina hilo porini hutambaa juu juu, mara nyingi mgongo wake ukionekana, na hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika: mtu anachimba shimo la sm 10 na kulizika kama kiazi. Likizikwa hivyo, ama huoza, ama hutumia mwaka mzima kupanda juu bila kutoa ua.

Namna sahihi ni hii. Legeza udongo wa sm 10 hadi 15 za juu tu. Changanya mboji ya majani, unene wa sm 3 hivi juu ya kipande chote. Chimba mfereji wenye kina cha sm 5, weka katikati yake kituta kidogo kama mgongo wa punda, laza shina juu ya kituta, mizizi ikishuka pande zote mbili, kisha rudisha udongo juu ya mizizi. Mgongo wa shina ubaki wazi au ufunikwe kwa udongo usiozidi sm 1. Nafasi kati ya mche na mche ni sm 20 hadi 30. Kwa sm 30 utahitaji miche kama 11 kwa mita ya mraba, na mahali pazuri itagusana baada ya miaka miwili au mitatu.

Wakati wa kupanda ni mara tu maua yanapoisha, kwa sababu hapo ndipo mizizi mipya inapoanza kutoka, au mapema Septemba. Ukichelewa hadi Novemba, ardhi ikiganda na kuyeyuka huisukuma miche juu, na Februari utaikuta imelala juu ya udongo kama samaki ufukweni. Ipande angalau wiki sita kabla ya ardhi kuganda. Maji ni sm 2.5 kwa wiki, mvua ikihesabiwa humo, kwa wiki sita hadi nane za kwanza. Baada ya hapo inajitegemea, isipokuwa kiangazi kikavu kupita kawaida.

Kuhusu kivuli: "kivuli" cha kwenye kibao hakimaanishi giza chini ya ukumbi. Inahitaji saa tatu au nne za jua la asubuhi, au mwanga unaochujwa na majani ya miti mirefu. Chini ya hapo utapata zulia zuri la majani bila ua. Jua la siku nzima linawezekana tu mahali ambapo udongo haukauki. Vinginevyo ncha za majani zinaungua ifikapo Julai.

Aina zilizochaguliwa ni nyingi. 'Powder Blue Giant' ina ua kubwa la buluu iliyopauka, 'Eco Bluebird' imekolea zaidi, 'Abbey's Violet' inaelekea zambarau, na 'Alba' na 'Tennessee White' ni nyeupe. Kwa kivuli kizito kidogo tungechukua nyeupe. Buluu hupotea machoni jioni, nyeupe hubaki.

Kupanda airisi ya machipuko

Hapa swali la kwanza kwa muuzaji ni aina ndogo gani. Ile ya pwani, var. *verna*, ina mashina marefu ya chini ya ardhi na hutoa machipukizi mbali mbali, kwa hiyo haitengenezi kichaka kizito. Ni ya mchanga wa uwanda wa pwani. Ile ya milimani, var. *smalliana*, ina mashina mafupi, majani mapana kidogo, na hutengeneza kichaka kilichoshikana. Kwa bustani ya kawaida ya bara, chukua *smalliana*. Muuzaji asipojua anauza ipi, pindua chungu na uangalie: machipukizi yaliyobanana katikati ni ya milimani, yaliyotawanyika ukingoni mwa chungu ni ya pwani.

Mmea huu haupendi kuhamishwa. Mizizi yake ni michache, myembamba na migumu, na ikikatika hairudi upesi. Nunua uliokulia kwenye chungu, usinunue uliong'olewa ukafungwa kwenye gazeti lenye unyevu. Panda udongo wote wa chungu ukiwa mzima, juu ukiwa sawa na ardhi au sm 1 juu yake. Kwenye udongo mzito tengeneza kituta cha sm 15 hadi 20 kwa mchanganyiko wa sehemu mbili za mchanga wa chengachenga kubwa na sehemu moja ya magome ya msonobari yaliyosagwa. Mchanga laini wa kuchezea watoto haufai. Ukichanganyika na mfinyanzi hukaza kama saruji.

pH ikiwa juu, salfa ya unga huishusha polepole. Kwenye udongo wa kichanga, gramu 40 hadi 50 kwa mita ya mraba hushusha kwa takriban kipimo 1. Udongo wa mfinyanzi hudai zaidi ya mara mbili ya hapo. Fanya hivyo miezi mitatu hadi sita kabla ya kupanda, kwani kazi yenyewe hufanywa na bakteria wa udongoni, nao hulala wakati wa baridi. Ikiwa pH yako ni 7, ushauri wetu ni uache. Utapigana nayo kila mwaka na udongo utashinda.

Adui wengine wamejificha. Msingi wa saruji wa nyumba huvuja chokaa, kwa hiyo kaa mita 1 na zaidi kutoka hapo. Maji ya bomba katika miji yenye maji magumu hupandisha pH kidogo kidogo. Tumia maji ya mvua mwaka wa kwanza. Dalili ya tatizo ni majani mapya kugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani: madini ya chuma yapo udongoni, lakini pH imeyafungia. Mbolea ya nitrojeni hapo haisaidii kitu, inaharakisha kifo. Tandaza juu majani makavu ya msonobari, yale ya sindano, unene wa sm 2 tu.

Ya kishungi ikikosewa, mwaka unaofuata inasahihishika. Hii ikikosewa, huwa umeipoteza. Lakini mahali pake, kwenye ukingo mkavu wenye mchanga ambapo mimea mingine ya maua inanyauka, haina mpinzani, na hutangulia ya kishungi kwa siku kadhaa kuchanua.

Nyasi ya jicho la buluu

Hii ni rahisi, na tutaipita haraka. Haina shina la kutambaa. Ina mizizi ya nyuzi chini ya kichaka kidogo. Panda kitovu cha kichaka kiwe sawa na ardhi, sm 15 hadi 25 kati ya mche na mche, mahali penye jua na unyevu wa wastani. Matandazo yasiguse kitovu. Tabaka la sm 8 la vipande vya mbao, lile linalomwagwa na kampuni za bustani kila machipuko, huua mimea hii kuliko baridi yoyote.

Kichaka huchoka upesi. Baada ya miaka miwili au mitatu katikati hufa, kwa hiyo kichimbe mapema kwenye machipuko, ukigawe kwa mikono vipande vya upana wa vidole vitatu, utupe cha katikati. Baada ya maua kuisha, kata theluthi ya juu; usipokata, vitunda vidogo vya duara vyenye mbegu nyeusi hupasuka na utakuwa nayo kwenye nyufa za njia. Wengine wanaipenda kwa hilo. Aina ya 'Lucerne' ina maua makubwa zaidi na ndiyo tunayoipendekeza kwa kingo za njia.

Angalia kibao kisiseme *Sisyrinchium bellum*. Huyo ni wa California, amezoea kiangazi kikavu na mvua ya baridi, na joto lenye unyevu la Georgia humwozesha.

Yanayoharibika, na chanzo chake

Mashimo kwenye majani ya airisi ya kishungi mwezi wa Mei ni kazi ya konokono uchi, wanaokula usiku. Chambo cha fosfati ya chuma hufanya kazi na ni salama zaidi kwa mbwa kuliko vile vya zamani vyenye metaldehaidi. Kulungu kwa kawaida huipita mimea yote mitatu.

Shina kulainika na kutoa harufu mbaya ni uozo wa bakteria, na chanzo karibu kila mara ni maji ya majira ya baridi yaliyosimama au majani ya mwaloni yaliyolala mazima juu yake kama karatasi zilizolowa. Usiyaondoe yote, yasage kwa mashine ya kukatia nyasi, urudishe tabaka lisilozidi sm 2. Sehemu iliyolainika ikate hadi ufikie nyama nyeupe ngumu, uiache jeraha likauke siku moja kivulini, ndipo uipande upya.

Majani ya kishungi kugeuka kahawia mwezi wa Agosti si ugonjwa. Ukame umeyalaza, shina liko hai. Katikati ya zulia kubaki tupu baada ya miaka minne pia si ugonjwa: mmea unakimbilia pembeni kwenye udongo mpya. Chukua vipande vya ukingoni, kila kimoja kiwe na upepeo mmoja wa majani na mizizi yake, uvirudishe katikati.

Na onyo moja kwa nyumba zenye watoto. Mashina ya airisi yanafanana na tangawizi changa, na ni sumu: huchoma kinywa, huleta kutapika na kuhara. Utomvu wake unaweza kuwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu ukigawa. Usiyaache yamelala jikoni baada ya kugawa.

Kwa mahali ulipo

Mteremko wa nyuma ya nyumba chini ya mialoni, unaopata jua hadi saa nne asubuhi: ya kishungi, bila kusita. Shina lake linaloshikana pia huzuia udongo kuteleza mvua zikinyesha. Ukingo wa njia ya gari wenye mchanga, jua la mchana, pH 5: ya machipuko. Ukingo huo huo lakini saruji mpya imemwagwa kando: nyasi ya jicho la buluu. Bustani ya mbele inayolowa kidogo na kupata jua la siku nzima: nyasi ya jicho la buluu tena. Mahali ambapo maji husimama wiki nzima, hakuna kati ya hizi inayofaa. Tafuta *Iris virginica* au *Iris versicolor*, ambazo ni ndefu na ni za maji. Usishawishike na ile ya manjano, *Iris pseudacorus*, iliyotoka Ulaya na sasa inasonga mimea ya asili kwenye mito na mabwawa ya Marekani.

Chungu cha kibarazani? Ya kishungi pekee, kwenye chungu kipana na kifupi, sm 30 kwa sm 15, na mwaka wa tatu itakuwa imefika ukingoni na kuning'inia.

Kuna wa nne ambaye watu huuliza: *Iris lacustris*, anayefanana na ya kishungi kama pacha mdogo, mrija wa ua lake ukiwa chini ya sm 2. Anaishi ufukweni mwa maziwa ya Huron na Michigan tu, serikali ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya mimea inayotishiwa mwaka 1988, na mwaka 1998 jimbo la Michigan lilimfanya ua lake la porini. Huyo mtazame huko huko. Hata hizi tatu zisichimbwe msituni: ndani ya hifadhi za taifa kama Great Smoky Mountains ni kosa la kisheria, na airisi ya machipuko iliyong'olewa porini hufa mikononi mwako hata usipokamatwa.

Siku ya kununua, toa mche kwenye chungu kabla ya kulipa. Kwa ya kishungi, bonyeza shina kwa kidole gumba: liwe gumu, na kuwe na angalau pepeo tatu za majani, ua ni la ziada. Kwa ya machipuko, mizizi iwe imeshika udongo wote hivi kwamba hauanguki, la sivyo imepandwa chunguni wiki iliyopita. Kwa nyasi ya jicho la buluu, tanua majani uangalie kitovu: kikiwa cheusi katikati, chagua chungu kidogo zaidi ambacho bado ni cha kijani mpaka chini.